Swali la Mlangoni

Fundi Cheche aliwapanga majirani kwenye benchi la karakana yake ya kuchomelea vyuma, akaanza kuwapima vichwa kwa sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu. Aliipitisha taratibu kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, amefumba jicho moja kama anayeangalia ubao umenyooka au la. Ilipofika zamu ya Mama Vitambaa, mshonaji wa duka la pili, sumaku ilinasa kwenye kilemba na watu wakaruka. Kumbe ni sindano aliyoichomeka humo asubuhi akaisahau.

"Mnaona?" alisema Fundi kwa sauti ya mtaalamu. "Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Itoe. Haya, wewe sasa safi. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa Kinyozi, mtu asiyeweza kunyamaza hata akiwa na wembe shingoni mwa mteja. "Na ikinasa kwenye ubongo, Fundi?"

"Kwako itanasa wapi? Mle si mtupu?"

Wakacheka, na kucheka kukawatoa hofu kidogo, maana hofu walikuwa nayo. Mke wa Fundi alikuwa mtaalamu wa picha katika hospitali kubwa, na ndiye aliyeendesha ile mashine ya sumaku, MRI, inayopiga picha za ndani ya kichwa bila kukigusa kichwa chenyewe. Utafiti wa maradhi ya kusahau ulikuwa unakaribia kuanza. Wagonjwa walikuwa wameshapatikana, na mmoja wao alikuwa mama mzazi wa Fundi. Waliokosekana ni watu wazima wa makamo na wazee wenye kumbukumbu nzima, wa kulinganishwa nao. Bila hao, picha za wagonjwa zingekuwa kama nusu ya mkasi. Na hospitali ilikuwa imeshasema wazi: asubuhi zilizotengwa kwa utafiti zisipopata watu juma hili, zitarudishwa kwa shughuli nyingine, na utafiti utafungwa kabla haujafunguliwa.

Mtaani, lakini, habari zilikuwa zimeshatangulia. Mashine inanyonya akili. Mashine inaona dhambi. Mke wa Fundi analipwa kwa kichwa. Hili la mwisho lilimuuma Fundi kuliko yote, kwa sababu lilisemwa na watu ambao milango yao aliichomelea yeye.

"Nitaingia mimi wa kwanza," aliwaapia pale karakanani. "Mbele ya macho yenu. Nikitoka zezeta, rudini makwenu."

"Tutajuaje tofauti?" aliuliza Kinyozi.

Fundi aliliacha hilo lipite. Alikuwa na jambo moja muhimu zaidi la kuwafundisha. "Sasa sikilizeni. Mtaulizwa maswali, na ni mengi. Una chuma mwilini? Uliwahi kupasuliwa? Unaogopa sehemu finyu? Ukijibu ndiyo hata mara moja, unarudishwa nyumbani. Kwa hiyo jibu ni moja tu, hapana. Mimi nimeshawapima, wote mko safi. Msianze kujikumbusha mambo."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa kazi iishe, na aliyezoea kwamba kitu kikikataa kuingia, unakigonga. Walipoondoka alijipitishia sumaku yeye mwenyewe, usoni, puani, kwenye jicho lake la kushoto ambalo hutoa machozi kila upepo ukivuma. Haikunasa kitu. Akaitundika kwenye msumari, ameridhika.

*

Jioni mkewe alirudi amechoka, mgongo unamuuma, lakini uso wake ulikuwa na ile raha ya mtu aliyeweka kila kitu mahali pake. Walikaa mezani watu watatu: mume, mke na Bibi, mama yake Fundi, aliyekuwa anakula polepole na kuuliza mara kwa mara kama chakula kimewekwa chumvi.

"Leo mmempiga picha nani?" Fundi aliuliza.

"Chupa."

"Chupa?"

"Chupa ya maji. Tunaipiga kwanza hiyo kuona mashine iko sawa. Jana pia tuliipiga chupa. Na kesho kabla yenu tutaipiga tena."

Fundi alitikisa kichwa. Tangu utafiti huu uanze kuandaliwa alikuwa ameoa mwanamke anayepiga picha chupa. Lakini ukitaka kujua kazi ni nini, ungemfuata mwanamke huyu siku ile. Alikitoa kiti cha magurudumu cha chuma kilichozoea kuegeshwa jirani na chumba cha mashine, akaweka kile kisichovutwa na sumaku, na kukifunga utepe ili hata mgeni wa kazi asikosee. Alikagua mtungi wa kuzimia moto. Alimlaza nesi wa utafiti kwenye kitanda cha mashine, akamwambia ajifanye amezimia, wakarudia kumtoa nje mbio mara nyingi hadi nesi akalalamika kwamba sasa kizunguzungu ni cha kweli. Wakati ule hakuna aliyekuwa mgonjwa, hakuna kilichoharibika, na mpita njia angedhani watu wazima wanacheza. Ndiyo maana Waswahili wakasema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Hata daktari mkuu wa utafiti, mwanamke mpole aliyesoma miaka mingi juu ya ubongo, alikuwa amemwambia mbele ya wote: "Utafiti ni wangu, lakini mlango ni wako. Ukisema mtu haingii, haingii. Hata nikiwa mimi."

"Watu nimekupatia," Fundi alisema, akijifanya anazungumzia jambo dogo. "Benchi zima. Kesho asubuhi tunakuja wote."

Mke alisimamisha kijiko. "Wote? Kinyozi naye?"

"Kinyozi ndiye wa kwanza kufika, utaona."

Aliinuka akamshika mumewe bega. Hakuwa mwanamke wa kukumbatia watu ovyo, kwa hiyo mkono ule ulitosha. "Ahsante, Baba Watoto. Sikujua nitawatoa wapi."

Fundi alimtazama mama yake, aliyekuwa anaichunguza chumvi kama mgeni asiyemfahamu. "Na wakishampiga picha... itamrudisha?"

"Nimeshakwambia. Haitamrudisha. Haitibu. Tunatafuta kujua maradhi haya yanaanzia wapi, ili wanaokuja nyuma wapate kutibiwa. Usijidanganye, utaumia."

"Lakini kuijua ni mwanzo."

"Ni mwanzo."

"Basi mimi nataka huo mwanzo," alisema Fundi, na sauti yake ilikwaruza kidogo.

"Chumvi mmeweka?" aliuliza Bibi.

*

Majirani walifika asubuhi wakiwa wamevaa vizuri kama waendao harusini, na wakakaribishwa kwenye chumba cha mazoezi. Humo kulikuwa na mashine ya uongo, bomba kubwa la mbao na plastiki lenye kitanda ndani, linalopiga makelele yaleyale ya mashine ya kweli kutoka kwenye kipaza sauti, ili mtu azoee kabla ya kuingia. Aliyelitengeneza ni Fundi Cheche mwenyewe. Aliomba alitengeneze kwa chuma, mkewe akakataa, wakanuniana, hatimaye akalitengeneza kwa mbao na kulipenda. Bibi alilipenda zaidi. Aliliita kitanda changu, na siku aliyolazwa humo mara ya kwanza alisinzia katikati ya makelele.

Nesi aliwaita mmoja mmoja. Alianza na Mama Vitambaa.

"Umewahi kufanyiwa upasuaji?"

"Hapana."

"Una betri ya moyo, au kifaa chochote mwilini?"

"Hapana."

"Unaogopa sehemu zilizobana?"

"Hapana."

Kinyozi naye hapana. Muuza mkaa hapana. Mke wa muuza mkaa hapana, kabla swali halijaisha. Nesi alikuwa kijana lakini hakuwa mjinga. Alikwenda akamnong'oneza mtaalamu wa picha, na huyo akaja mwenyewe, akavuta kiti mbele ya Kinyozi, akamtazama usoni.

"Shemeji, habari za asubuhi."

"Nzuri, shemeji."

"Umewahi kuumia kichwa?"

"Hapana."

"Una watoto?"

"Hapana."

"Kazi yako ni kunyoa?"

"Hapana," alisema Kinyozi, jasho likimtoka. Mama Vitambaa alijificha uso kwa ncha ya kanga. Kisha mtu akashindwa, akacheka, na wote wakafuata, hata nesi.

Mtaalamu wa picha hakucheka. "Nani amewafundisha?"

Macho yote yalikwenda mahali pamoja, na mahali pale palikuwa na Fundi Cheche, amevaa shati jeupe alilopigiwa pasi na mkewe mwenyewe alfajiri.

"Nimewapima," alisema Fundi. "Wote. Kwa sumaku. Hawana kitu."

"Sumaku gani?"

"Ya spika."

Mkewe angeweza kumkaripia, na wengi wetu tungemkaripia. Badala yake aliwaomba wote wamfuate hadi kwenye korido, mbali na mlango wa chumba cha mashine, wasimame nyuma ya mstari mwekundu wa sakafuni. Alichukua kibanio kidogo cha kubania karatasi, akakifunga kwenye uzi mrefu, akaufungua mlango na kusimama kizingitini ameushika uzi kwa nguvu za mikono yote miwili.

Kibanio kilinyanyuka chenyewe. Kilielea hewani, uzi umenyooka kuelekea ndani kwenye tundu la mashine, unatetemeka, kama mbuzi anayevuta kamba kuelekea majani. Ndani hakukuwa na mtu wala sauti kubwa. Mashine ilikuwa imepumzika tu.

"Haijawashwa?" aliuliza muuza mkaa.

"Sumaku hii haizimwi. Usiku na mchana iko hivi." Alikivuta kibanio kwa shida, akafunga mlango. "Sumaku ya Fundi haiwezi kung'oa msumari kwenye ubao. Hii ingeung'oa msumari na ubao wake. Ndiyo maana tunauliza. Hatuulizi ili tuwafukuze. Tunauliza ili mtoke mle ndani kama mlivyoingia."

Mama Vitambaa alishika kilemba chake kwa mikono miwili.

"Tunaanza upya," alisema mtaalamu wa picha. "Na atakayetaka kwenda nyumbani, aende. Hakuna lawama. Kukataa ni haki yenu, imeandikwa."

Hakuondoka mtu, ila hakuna aliyesogea mbele pia. Walimtazama Fundi. Aliahidi kuwa wa kwanza, na sasa ahadi ile ndiyo iliyokuwa imeshikilia kila kitu: watu, juma, utafiti, na huo mwanzo alioutaka kwa ajili ya mama yake. Fundi aliijua hesabu hiyo. Akavua saa, akavua mkanda, akatoa funguo, akabadilisha nguo akavaa gauni la hospitali lililomfika magotini, akatembea hadi kwenye mstari mwekundu miguu mitupu. Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, mkoba mapajani, anamtazama.

Pale mlangoni kulikuwa na desturi ya kuulizwa mara ya pili. Nesi aliuliza kwanza, na mwenye mlango aliuliza tena maswali yaleyale, hata kama unaulizwa na mkeo.

"Umewahi kupasuliwa?"

"Ngiri. Unajua mwenyewe."

"Jibu kama sikujui."

"Ndiyo. Ngiri."

"Unafanya kazi ya kuchomelea au kusaga vyuma?"

"Mke wangu, jamani."

"Unafanya?"

"Ndiyo."

"Uliwahi kuingiwa na kibanzi cha chuma jichoni?"

Fundi alifuta jicho la kushoto kwa kiganja. Ulikuwa upepo wa feni. "Hapana," alisema.

"Muongo huyo."

Wote waligeuka. Ni Bibi. Alikuwa bado ameshika mkoba, na hakumtazama mtu mwingine yeyote ila mwanawe.

"Siku ile alikuja analia kama mtoto mchanga," alisema. "Kijana mzima, ana ndevu. Chuma kimemrukia jichoni. Wenzake wamemshikia sumaku, hakikutoka kitu, wakamwambia basi, hamna. Mimi nikampa maziwa ya kuoshea. Akasema usimwambie baba, atanikataza kazi. Mimi sikusema." Akakunja uso. "Nimesema?"

Mwanamke huyu asubuhi ile alikuwa amemuuliza mkwewe mara kadhaa wanakwenda wapi. Jina la mtaa wake lilikuwa limeshampotea. Lakini jicho la mwanawe lilikuwa bado liko naye, na chuma chake ndani.

"Mama, hiyo ni zamani," alisema Fundi kwa sauti ndogo. "Hakikuwemo kitu. Sumaku haikuvuta."

Mkewe hakuwa amebadilika uso, lakini mkono wake ulikuwa umeshauvuta mlango na kuufunga. "Eksirei ya macho," alimwambia nesi. "Sasa hivi. Vaa viatu vyako, Baba Watoto."

"Mbele ya watu hawa? Unanirudisha mbele ya watu?"

"Ningekurudisha mbele ya dunia."

*

Kilionekana. Kwenye picha ya eksirei kilikuwa kitone cheupe, kidogo kuliko punje ya mchele iliyovunjika, kimejizika upande wa jicho la kushoto. Daktari wa macho alisema kimekaa huko miaka yote kwa amani na kitaendelea kukaa, kitachunguzwa tu. Kisha akauliza kwa udadisi jinsi kilivyogunduliwa kabla ya mtu kuingia kwenye mashine. Alipojibiwa alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. Hakumficha Fundi kitu. Sumaku ile ingeweza kukizungusha kile kitone ndani ya jicho, na jicho lingekwenda.

Majirani waliporudi nyumbani hakuna aliyekuwa amepigwa picha. Mtaalamu wa picha aliwaambia hivyo yeye mwenyewe: siku ile majibu yote yameshachafuka, hamlazi mtu. Daktari mkuu alisimama pembeni yake wakati anasema. Alijua juma linakwisha, alijua hospitali itauliza kwa nini asubuhi nzima mashine imekaa bure, na alichosema ni kimoja tu: "Nitawajibu mimi."

Fundi alitembea hadi nyumbani nyuma ya watu. Kinyozi, ambaye hajawahi kuacha mzaha upite, safari hii aliuacha, na hilo lilimuuma Fundi kuliko mzaha.

Jioni alilala kitandani amegeukia ukutani. Mkewe aliingia, akakaa ukingoni.

"Umeniaibisha," alisema Fundi.

"Najua."

"Ningekuwa na jibu lingine nisingelisema? Mimi niliamini hamna kitu. Naapa. Tuliamini sote pale karakanani. Sumaku haikuvuta, basi hamna."

"Naamini uliamini. Lakini ulijua chuma kilikurukia, na nilipokuuliza ukasema hapana."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na Fundi alikuwa ameumbuliwa na mama yake kabla kifo hakijapata nafasi.

"Nilitaka ufanikiwe," alisema hatimaye. "Nilitaka na yeye apate nafasi. Nikaona nikiwa wa kwanza..."

"Sikiliza." Mkewe aligeuka, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilitetemeka. "Ningekulaza mimi. Kwa mikono yangu. Ningekufunika shuka, nikakuambia tulia, nikasukuma kitanda. Unanielewa? Ni mimi ningekutoa jicho."

Alilia, na Fundi, ambaye hakuwa amemwona akilia tangu msiba wa baba yake, aliinuka akakaa. Hakusema samahani kwa haraka. Alilitafuta neno kwanza, akalisema polepole, na akalirudia.

*

Asubuhi iliyofuata nesi alifungua mlango wa chumba cha mazoezi na kumkuta Mama Vitambaa ameshakaa, hana kilemba, hana hereni, hana hata pini.

"Nimekuja kujibu tena," alisema. "Nina kitanzi cha uzazi, sikukisema. Na sehemu finyu naziogopa sana, kabati tu silifungi. Na sindano moja niliwahi kuimeza utotoni, au nilidhani nimeimeza."

Nyuma yake alikuja muuza mkaa na mkewe, halafu wengine ambao jana hawakuwapo kabisa. Sababu aliieleza Kinyozi, akiwa anahesabu meno yake ya bandia kwa ulimi.

"Mtaani tulisema huyu mama analipwa kwa kichwa," alimwambia nesi. "Sasa mtu anayelipwa kwa kichwa atakataa kichwa cha mumewe? Mbele ya watu? Siku watu wenyewe hawatoshi? Huyo akiniambia ingia, mimi naingia kwa usingizi. Andika: meno matatu ya bandia, yanatoka. Kichwa niliwahi kuangukiwa na tofali. Na ndiyo, kazi yangu ni kunyoa."

Maungamo yalikuwa mengi hata nesi akaomba chai. Mtu mmoja alitaja msumari aliokanyaga akiwa shuleni, mwingine mke wa pili ambaye hakuna aliyemuulizia. Wengine walirudishwa, wakashukuriwa kama waliopokelewa, wakapewa nauli zao. Waliobaki walitosha. Mama Vitambaa alilala kwenye mashine ya uongo, akatoka mbio, akarudi, akatoka tena, na baada ya hapo akasema hapana ya kweli, na mtaalamu wa picha akamsindikiza hadi getini akimpongeza.

Fundi hakukaa nyumbani. Alikuja na ubao aliouchonga usiku uliopita, wenye visanduku vidogo vya kuwekea funguo, saa, sarafu na hereni, kila kimoja na nambari yake, bila msumari hata mmoja; ameunganisha kwa gundi. Aliuweka upande wa huku wa mstari mwekundu, akasimama nao. Kila aliyepita alimuuliza, "Umetoa yote?" na kila aliyejibu haraka mno alimtazama mpaka akapapasa mifuko tena.

Zamu ya Bibi ilifika siku ya mwisho ya juma. Kwa wagonjwa wa kusahau, daktari mkuu alikuwa ameweka utaratibu wake: ridhaa ya jana haitoshi leo, na ya nyumbani haitoshi mlangoni. Waulizwe upya kila hatua, kwa maneno mepesi, na wakisema hapana wakati wowote, mambo yamekwisha. Kwa hiyo Bibi aliulizwa nyumbani, akakubali. Akaulizwa getini, akakubali. Kwenye korido alipoulizwa alisema, "Mbona mnaniuliza sana? Mnataka nikatae?" na daktari akacheka, akamwambia ana haki hiyo. Bibi akasema anataka kulala kwenye kitanda chake.

Fundi alimvua hereni mwenyewe, vidole vyake vinene vikihangaika, akaziweka kwenye kisanduku. Akamshika mkono hadi kwenye mstari mwekundu, na hapo akauachia. Mkewe aliupokea upande wa pili.

Nesi aliingia kukaa naye mle ndani, mkono juu ya mguu wake. Vizibo vya masikio viliingizwa, kichwa kikawekewa mito, kiganjani akapewa kipira cha kubinya. Kupitia dirisha la kioo mtaalamu wa picha alimwona miguu tu, imetulia kwenye soksi. Mashine ilianza kugonga. Katikati ya kazi kengele ya kipira ililia, na palepale akasimamisha kila kitu.

"Mama, ni mimi. Unataka kutoka?"

"Hapana."

"Kuna kinachouma?"

"Hapana. Nilitaka kujua kama mpo."

"Tupo, Mama. Unataka tuendelee, au tuache?"

"Endeleeni. Mnapiga makelele vizuri."

Daktari mkuu aliyekuwa nyuma ya kiti aligeukia ukutani, akakohoa. Picha zilianza kuja moja baada ya nyingine, za kijivu na safi, kichwa cha mwanamke mmoja mzee kimetulia kikitoa siri zake kwa hiari. Mtaalamu wa picha aliziangalia kama fundi mzuri anavyoiangalia kazi iliyonyooka.

Alipotolewa, Bibi alivuka mstari mwekundu akiwa ameshika mkono wa mkwewe, nywele zimelala upande mmoja. Alimkuta mwanawe amesimama na ubao wake wa visanduku.

"Kuzuri mle," alimwambia. "Na wewe mbona huingii?"

"Sina ruhusa, Mama. Nina chuma jichoni."

"Nani kakwambia una chuma jichoni?"

Fundi alimtazama mkewe, kisha akamrudishia mama yake hereni, moja baada ya nyingine.

"Wewe, Mama."

Bibi alifikiri. Alilitafuta jambo hilo kila mahali ndani yake na hakulipata.

"Basi msikilize mama yako," alisema, akainamisha kichwa ili amvalishe.